Umepiga Dawa Lini?

Sokoni Lushoto, wachuuzi wakimwona Dorkasi anakuja na kapu lake huanza kucheka kabla hajafungua mdomo. "Wiki mbili zimepita, mama!" wanamjibu, na swali lenyewe hajauliza. Swali lake ni hilo hilo miaka nenda miaka rudi: "Umepiga dawa lini?" Asiporidhika na jibu, anairudisha kabichi ya watu mezani na kwenda zake.

Tena hali kitu nje ya majira yake, mama huyu. Pichesi kwa wakati wake, maharage mabichi kwa wakati wake, na mvua ikichachamaa nyanya za sokoni hagusi ng'o. Nyanya ya mvua, anasema, bila dawa haisimami. Anajua anachosema, maana anazilima mwenyewe bondeni kule Magamba: Jumanne anapiga dawa, Alhamisi anamjazia Saumu, mchuuzi wa mjini, matenga mawili. Za kula yeye amezipanda nyuma ya jiko, na hizo haziguswi na dawa.

Desemba hii alipanda basi kwenda Shume kumwona bintiye. Beatha anaishi mjini Lushoto na mumewe Tobia, ila mimba ilipofika miezi saba Tobia alimpeleka kwa wazazi wake akapumzike. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Hii ya tatu Dorkasi alikuwa akiihesabu siku kwa siku, na hofu haikumwacha hata akiwa kanisani.

Alipofika, baba mkwe wa Beatha, mzee Zabron, alimletea beseni la plamsi, za kwanza mwaka huo, zimeiva hadi zimekuwa nyeusi.

"Karibu, mkwe. Tumekungoja wewe uonje kwanza. Hapa hakuna aliyegusa."

Swali likampanda Dorkasi hadi kwenye ulimi, akalimeza. Uso umeumbwa na haya, jamani! Utamhojije mkwe wako kama mchuuzi wa barabarani? Akaing'ata plamsi. Lo, utamu ule! Maji yalimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akacheka kama mtoto. Beatha naye alikula ya kwanza, ya pili, hadi ya sita, anasifia lile ganda lenye uchachu.

Dorkasi akatoka kwenda kunawa nyuma ya nyumba. Hapo ndipo alipoliona bomba la kupulizia dawa limeegemezwa kwenye shina la mplamsi, mpira wake bado unadondosha maji meupe. Pembeni ilikuwa chupa yenye picha ya fuvu.

Akashika ukuta. Sita! Mtoto kala sita, na mimi mama yake nimekaa namtazama, nimefunga mdomo kwa ajili ya adabu! Mara akasikia sauti ya Beatha ndani: "Uwii, tumbo!"

Sijui aliingiaje sebuleni. Alimkuta bintiye kajishika ubavu, na haya yote ikamtoka.

"Mzee Zabron! Plamsi hizi umezipiga dawa lini?"

Mzee akamtazama, na ilionekana wazi kuwa swali limemuuma.

"Nimepiga kabichi za sokoni, mkwe. Bomba nimeliegemeza tu pale. Mti huu ni wa nyumbani, haujawahi kuonja dawa. Nani anapuliza sumu kwenye chakula cha watoto wake?"

"Na tumbo?"

"Mama, ni mtoto karusha teke," Beatha akasema, anacheka. "Njoo umshike."

Dorkasi akaweka kiganja, na mtoto akarusha teke jingine. Akaketi chini kwenye mkeka, machozi yanamtoka, anaomba radhi mara tatu tatu. Mzee Zabron akasema yamekwisha, ndio uzazi huo. Wakacheka wote, na Beatha akaenda jikoni kumtengenezea mama yake chakula.

Alirudi na sinia la ugali na maharage, na bakuli la kachumbari limejaa pomoni. Akakaa, akachota kachumbari kwa mkono, akatia mdomoni.

"Taratibu, wewe," Dorkasi akamtania. "Utamaliza kabla ya mgeni."

"Mama, acha tu. Tangu mimba iingie siishi bila kachumbari. Kila siku ya Mungu, mchana na jioni. Saumu ananiwekea nyanya nzuri kuliko zote. Juzi Ijumaa naja huku, kanifungia mfuko mzima. Anasema za Magamba hazina mfano."

Tonge la Dorkasi likabaki hewani. Akaanza kuhesabu miezi, akafika saba, akaanza tena. Kisha akalivuta bakuli taratibu kutoka mbele ya bintiye, akalikumbatia kifuani. Maji ya nyanya yakamwagikia kanga.

"Mama jamani!" Beatha akacheka, akamgeukia baba mkwe wake. "Mnamwona? Ameshaanza. Haya, uliza basi: zimepigwa dawa lini?"

"Jumanne," Dorkasi akasema. "Jumanne, mwanangu. Nimepiga mimi."