Siku Mama Shuka Alipoinamisha Uso Majini

Hospitalini walimwita Mama Shuka, na jina hilo likamganda hata alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi yaliishia kwenye chumba cha kufulia nyuma ya wodi, katikati ya mashine zinazonguruma na mvuke unaochoma uso. Shuka za waliojifungua, za waliopona, za waliotangulia mbele ya haki, zote zilipita mikononi mwake. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, na mageti ya nusu ya mtaa wao yalitoka kwenye karakana yake. Fundi alikuwa na maneno mengi, mkewe machache. "Mimi nafua, yeye anapiga domo," alisema Mama Shuka kila alipoulizwa siri ya ndoa yao kudumu.

Safari ya kisiwani ilikuwa zawadi ya watoto. Binti yao, kifungua mimba, ndiye aliyeleta wazo, wadogo zake wakamuunga mkono, na wazazi wakaja kuambiwa tiketi zikiwa zimeshakatwa ili wasipate upenyo wa kukataa.

"Kisiwani tukafanye nini?" Mama Shuka aliuliza.

"Mkapumzike, mama."

"Kupumzika si naweza hapa hapa?"

"Hapa huwezi. Juzi tu nimekukuta juu ya ngazi unapaka dari rangi."

Wakaenda. Asubuhi ya kwanza mhudumu wa vyumba alipogonga mlango, alikuta kitanda kimetandikwa, pembe zimekunjwa na kukazwa vizuri kuliko anavyozikaza yeye.

"Mama, unanipokonya kazi!"

"Nisamehe, mwanangu. Mikono ndiyo iliyozoea, mimi sikuwaza kitu."

Kesho yake alijilazimisha kukiacha kitanda kikiwa shaghalabaghala. Alitoka chumbani akijisikia kama mwizi, na hata kwenye ngazi aligeuka mara mbili kuutazama mlango.

Fundi yeye alijinafasi tangu walipofika. Mezani, wakati wa chai, aliwasimulia majirani, wanandoa wengine wastaafu, jinsi alivyokuwa akiogelea mtoni utotoni, na kwamba matumbawe yanayosifiwa na kila mgeni wa kisiwa hicho yeye angeyafuata hukohuko chini. Basi ikabidi waende. Wakapanda boti ya injini pamoja na wageni wengine. Mwongozaji wao alikuwa mama wa makamo, mnene, kilemba kichwani, anayetembea juu ya boti inayoyumba kama mtu aliye sebuleni kwake.

Walipofika, injini ikazimwa. Mwongozaji akawagawia maboya ya kuvaa kifuani, miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia. Wageni wakaanza kujitosa mmoja mmoja. Fundi akachungulia ukingoni, akaona chini hakuonekani mwisho, akakaa.

"Mimi nitalinda mizigo," alisema.

Hata mwendesha boti alicheka. Mama Shuka hakucheka. Mwenyewe hakujua kilichomwinua ni nini. Maji aliyoyajua yeye ni ya moto, ya sabuni na ya kusuuza, maji ya kazi, na yote yalikuwa na mahali yanapoishia. Alivaa miwani, akashuka ngazi ya boti kinyumenyume, na mguu ulipotafuta sakafu ukaikosa, moyo ukamruka. Akagugumia chumvi, akakohoa, akataka kurudi.

Mwongozaji, naye majini, alikuwa ameshamshika mkono. "Pumua kwa mdomo, mama. Polepole. Sikuachii."

Akainamisha uso.

Chini yake palikuwa na mji. Matumbawe yamepandana kama maghorofa, mengine mapana kama sinia, mengine yamekunjamana kama ubongo, na samaki wakiingia na kutoka kila mlango, wa manjano, wa milia, wa buluu ambayo mtu angeichora ungemwambia amezidisha. Mwanga ulitetemeka juu ya vyote. Alidhani kutakuwa kimya, kumbe palikuwa na sauti, mchakacho mdogo usiokoma, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Hakuna samaki aliyemkimbia wala aliyemjali. Walikuwa na shughuli zao, walizokuwa nazo siku zote alizokuwa yeye kwenye mvuke wake. Wazo hilo lilimsisimua mwili mzima.

Kisha mji ukafika ukingo, na baada ya ukingo ni buluu tupu inayozidi kuwa nyeusi. Akaukaza mkono wa mwongozaji. Kutoka gizani mle akapanda kasa, mkubwa kama meza, mgongo umejaa makovu, anapiga maji taratibu bila haraka na mtu. Akapita karibu kiasi kwamba Mama Shuka aliona jicho lake likimgeukia. Kasa akatoa kichwa juu ya maji, hatua chache tu kutoka alipokuwa yeye, akavuta pumzi. Mama Shuka aliisikia pumzi ile, nzito, kama ya mtu aliyechoka. Halafu kasa akazama tena, akapungua, akapotea.

Mama Shuka alilia ndani ya miwani. Alipofika kwenye boti akashika ngazi, akamtazama mumewe.

"Baba, shuka."

"Shuka zako si umeziacha hotelini?"

"Sitanii. Shuka majini."

Miaka yote waliyoishi pamoja, Fundi hakuwahi kuisikia sauti ile. Akajivalisha boya. "Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga," alinong'ona. Mkewe akampokea, mkono kwa mkono, wakainamisha nyuso pamoja. Alihisi vidole vya mumewe vikimbana mpaka vinauma, kisha, taratibu, vikalegea.

Jioni majirani wa mezani wakamuuliza Fundi: haya, mzamiaji, umeonaje? Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Muulizeni mwenzangu," akasema.

Na mwenzake akasimulia. Alisimulia ule mji, ile sauti, lile jicho, mpaka chai ikapoa vikombeni na watu wa meza ya pili wakasogeza viti. Fundi alimtazama mkewe, kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni.

Siku zilizobaki hawakwenda kwenye maduka wala kwenye ziara za mji. Waliazima miwani, wakashinda ufukweni, maji ya magotini, migongo juu na nyuso chini kama mabata. Wapita njia walicheka. Binti yao alipiga simu kuuliza kama wanapumzika, simu ikaita weee juu ya taulo. Mama Shuka hakuisikia. Fundi alikuwa amempungia mkono kutoka kwenye jiwe la mbele, kuna kitu amekiona, na mkewe alikuwa anamfuata taratibu, asiyatibue maji.