Sanduku Lisilo na Msumari

Kijijini kwao, mwendo mfupi tu kutoka Butiama mjini, watu walishazoea kumwona Matrida na msumeno. Mwanzoni walisema, wakachoka, wakanyamaza. Baba yake, fundi Eliasi wa Kiriba, alikuwa na watoto wa kiume ambao hawakutaka hata kunusa mbao. Wote walikimbilia uvuvi. Alipofariki, vifaa vyake vilikwenda kwa binti: msumeno, randa, patasi, nyundo na tupa iliyolika. Wanawake wengine huja kwa mume na masufuria, yeye alikuja na randa. Watu wa ukweni walicheka siku ile, lakini viti vyao vilipoanza kulegea miguu hawakuona haya kumletea.

Kwa hiyo shida haikuwa mbao. Shida ilikuwa sanduku.

Masika yakiwa yamekolea, Matrida alijifungua hospitali mtoto wa kiume ambaye hakulia. Wauguzi walimsugua mgongo, wakampulizia, wakatazamana. Matrida alipewa amshike kidogo. Mtoto alikuwa na vidole virefu vya babu yake Eliasi. Kisha mama mkwe, Bibi Benedikta, akamchukua, na pamoja na wanawake wengine wa ukoo akamzika nyuma ya migomba bila padri, bila matanga, bila wimbo. Ndivyo ukoo ule ulivyofanya siku zote. Mtoto asiyelia hana jina wala msiba. Mama yake anarudi kuteka maji kama mtu aliyekwenda sokoni akakuta pamefungwa.

Siku chache baadaye Bibi Benedikta alifika kudai vitu. Vilikuwa viwili tu: kofia ya njano ambayo Matrida aliifuma mwenyewe mimba ikiwa changa, na kipande cha kitenge alichofunikwa mtoto.

"Vilete nichome," alisema bibi. "Vitu vya mtoto asiyelia tunachomaga, tumbo lisahau. Likikumbuka halishikagi tena."

"Tumbo langu lisahau, mama? Baada ya miezi yote hiyo?"

"Usinijibu hivyo. Mimi nimekuwepo kwenye huu mji kabla yako."

"Basi shikamoo, mama," alisema Matrida, akafunga mlango.

Ukoo mzima ulipata habari ya mlango ule kabla jua halijazama. Tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kumbe hao hao wazazi ndio wanaoshika kiberiti.

Kesho yake asubuhi Matrida alitoa ubao wa mninga uliobaki alipotengeneza kabati la mtu. Angeweza kufanya kazi uani, na wala asionekane. Hakutaka. Aliweka benchi mbele ya nyumba, kando ya njia ya kisimani, akaanza kupiga randa. Ubao ulipolainika akachora mistari kwa penseli, akakata pande nne fupi, ndogo kuliko kitabu cha nyimbo. Msumeno ulipokwenda mbele na kurudi, maziwa yalimtoka yakaloanisha blauzi. Mwili wake ulikuwa bado haujaambiwa. Alifunga kanga kifuani akaendelea.

Msumari hakuutaka hata mmoja. Jeneza la baba yake lilipigwa misumari yeye akiwa amesimama pale, na sauti ile ilimkaa masikioni. Alichukua patasi akachonga meno kwenye ncha za kila upande, ili mbao ziumane zenyewe kwenye pembe, jinsi Eliasi alivyomfundisha. Pembe ya kwanza ilipasuka. Alitukana, akaitupa, akakata nyingine. Kifuniko hakukiwekea bawaba; alichimba mifereji juu ya kuta za sanduku akakifanya cha kusukuma.

Hyasinta, jirani mwenye mdomo usiolala, alitua ndoo yake chini.

"Mwenzetu, kasanduku kadogo hivi, kenye kifuniko! Unajichuria. Kanafanana na jeneza la mtoto."

"Jeneza lina misumari," alisema Matrida. "Nitafutie msumari hapa."

Hyasinta akainama akatafuta kweli.

Sanduku lilipokamilika, Matrida alichukua patasi nyembamba akachonga kwenye kifuniko jina alilolitunza tangu mimba: ISAYA. Herufi S ilimtesa, maana mninga haupendi kupindishwa. Aliweka kofia na kitenge ndani, akasukuma kifuniko, akaliweka sanduku mezani sebuleni ambapo kila aingiaye angeliona. Akalia pale pale, kwa sauti, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kikao cha ukoo hakikuchelewa. Fredi, mume wake, aliitwa kutoka machimboni Buhemba, akaja na vumbi la kazi kwenye kope. Alikuwa mpole, mtu wa kukwepa ugomvi, na Matrida hakuwa na uhakika naye hata kidogo. Aliyeongoza kikao alikuwa Nyamhanga, baba mdogo wa Fredi.

"Mkwe, sisi si wabaya," alianza Nyamhanga. "Sanduku ubaki nalo, uweke hata nyuzi. Lakini vya ndani vichomwe, na hilo jina lifutwe. Jina linatolewaga na ukoo, na linatolewaga kwa mtoto aliyelia."

Matrida aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na randa. Akaiweka mezani kando ya sanduku.

"Imenolewa jana," alisema. "Mwenye mkono wa kulifuta jina la mwanangu aje alifute, na mimi nikimwangalia. Mimi huo mkono sina."

Nyamhanga alimtazama Fredi. Bibi Benedikta naye alimtazama mwanawe. Fredi akasimama, na Matrida akajiandaa kulipoteza jina, maana alijua mtoto mwema wa mama yake anavyotembea. Fredi aliishika randa, akaipuliza vumbi, akaiweka chini ya kiti chake. Kisha akakikalia kiti, randa ikiwa chini yake.

"Mtoto alikuwa wangu," alisema. "Anaitwa Isaya."

"Huyu amekaliwa na mke!" alifoka Nyamhanga, akachukua fimbo yake. Alitoka bila kugusa chai, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Tangu siku ile Bibi Benedikta hakukanyaga kwa mkwewe. Wakikutana njiani alitazama mawe. Matrida naye alipita kichwa juu. Alijua anasemwa, akawaacha waseme. Kofia ilikuwa salama, na hilo ndilo alilopigania.

Mahindi yalishavunwa Bibi Benedikta alipotokea mchana kweupe, akasimama mbele ya benchi. Matrida alikuwa anakaza mguu wa kigoda. Hakumpa kiti.

"Nitengenezee na mimi," alisema bibi.

"Nini, mama?"

"Unajua nini."

Matrida aliweka nyundo chini. Alikuwa bado na hasira naye, na hakujisumbua kuificha. "La kuweka nini? Si mnachomaga?"

"Nilichoma vyote. Kiberiti nilishika mwenyewe, na mama mkwe wangu amesimama hapo pembeni, ananiangalia kama nitalia. Sina cha kuweka ndani. Hata uzi sina. Nilitaka tu liwepo."

"Walikuwa wangapi?"

"Watatu. Kabla ya Fredi."

"Wanaitwa nani?"

"Si unajua hawakupewaga majina."

Matrida aliokota penseli, akaulaza ubao mpya benchini.

"Basi wape," alisema. "Mimi sanduku lisilo na jina sitengenezi, hata la mama mkwe."

Bibi Benedikta aligeuka kutazama njia. Hyasinta alikuwa anapandisha na ndoo kichwani, na nyuma yake alikuja Nyamhanga mwenyewe akiswaga ng'ombe. Ungedhani bibi angesubiri wapite. Hakusubiri.

"Wa kwanza," alisema, kwa sauti ile aliyoanzishia nyimbo kanisani, "ni Leonardi."