Kashe ya Mama Makala

Batu yote ya Nyamitaba banamuita Mama Makala, lakini hajauza hata siku moja mufuko ya makala, makaa ya kupikia. Jina yake ni Emérita. Ni dada ya papa yangu, kwa hiyo mi namuita Tantine, na tunaishi nyumba moja, pembeni ya njia yenye kuenda ku kambi ya basoda, maaskari. Yeye njo anachunga nyama yenye basoda banakula. Anaichunga na macho, na kisu ndogo, na kashe.

Ile kashe ni muhuri ya mbao, ukubwa ya kikombe ya chai. Anaichovya mu wino ya violet, anaigonga ku paja ya ng'ombe, inabaki duara. Nyama yenye iko na duara, basoda banaweza kula. Yenye haina, inaenda mu shimo na chokaa juu yake.

Asubui ya huku inaanzaka na ukungu. Inapanda polepole toka bondeni, inafunika shamba ya maharagi, kisha inafunika ng'ombe, mpaka unaona tu pembe zinatembea peke yake mu weupe. Nilipokuwa mudogo nilifikiri ng'ombe zinazaliwa mule mu ukungu, na Tantine anaendaka kuzipokea. Maana alikuwa anaingia ndani kabisa, unapoteza mugongo yake, unasikia tu sauti: "Eh weye, toa ulimi nione. Vizuri. Na weye, mbona unasimama peke yako kama bibi-arusi?" Mpaka leo anasema nazo hivyo. Anasema ng'ombe yenye iko mugonjwa inakataa kumujibu.

Yeye si mutoto ya milima. Alizaliwa chini, Walikale, mu pori, upande ya Hombo. Babu alikuwa muwindaji. Akileta nyama, mbele ya kuiweka mu chungu alikuwa anaita Emérita, anamuonyesha maini, anamuonyesha bandama, anamuonyesha damu. Damu yenye inakataa kuganda, alimwambia, usiiguse, hata kama una njaa. Kisha Tantine akaolewa huku juu na Sebarenzi, muchungaji ya ng'ombe, mwenye alikufa na homa mbele hata mutoto apatikane. Akasoma kazi ya veterineri, daktari ya mifugo, miezi tisa kule Goma.

Siku komanda alimuita ku kambi, alikuta basoda banachota mayi fasi ile ile ng'ombe zinakunywa, na banachinja chini, ku majani, karibu ya choo. Hakupiga kelele. Alitembea, akipima na hatua: mayi ya batu juu, mayi ya ng'ombe chini, choo mbali kabisa. Akalomba meza ya kuchinjia, na ndoo yenye robine, bomba ndogo ya kunawa, na sufuria ya kuchemsha visu. Akadunga mbwa zote za kambi sindano ya kuzuia kichaa. Basoda bakacheka.

"Mama, na siye utatudunga?"

"Mukianza kuuma batu, ndiyo."

Mwaka ile kuhara ikapungua mu kambi. Hakuna mwenye alimushukuru. Yeye pia hakungoja hiyo.

Jina ya Makala ilikuya mu mwezi ya tatu, mvua ikiwa mingi. Asubui moja ng'ombe ya Papa Twizeyimana, yenye ilipelekwa ku kambi ichinjwe, ilikutwa imekufa mu lupango, zizi ya kambi, kisu ikiwa haijaigusa. Tumbo ilikuwa imevimba. Mu pua mulikuwa munatoka damu nyeusi kama mafuta ya motere ya gari yenye imechoka. Tantine akafukuza batu yote.

"Hakuna muntu kufungua hii ng'ombe. Ni charbon."

Charbon njo jina ya Kifaransa yenye alijifunza Goma. Ku radio banasemaka kimeta. Ni ugonjwa yenye inaangusha ng'ombe mu siku moja, na inaua muntu mwenye anakula nyama yake. Hata kuishika tu na kidonda ku mukono ni hatari. Lakini huku kwetu, ukisema charbon, muntu anasikia makala ya kupikia, maana Kifaransa inaita makala vile vile. Tantine alijua ile. Siku ile alisahau.

Akamugeukia mwenye ng'ombe.

"Papa Twizeyimana, ni hii moja tu?"

"Hapa ku lupango, ndiyo, Mama."

"Papa Twizeyimana. Ni hii moja tu?"

"Kulikuwa ingine, Mama. Jana jioni ilianguka ku malisho. Nikaichinja mbio mbele ipoteze roho."

"Iko wapi?"

"Serja Dusabimana, ule sajenti ya poste ya bondeni, aliibeba. Banaume makumi mbili habajagusa nyama toka Noeli! Mi hata maini sikuonja, Mama, nakuapia."

Poste ya bondeni, kituo ndogo ya basoda, iko fasi milima yetu ya Masisi inaisha na pori ya Walikale inaanza. Telefone haishike kule, na batri ya radio yao ilikuwa imekufa. Tantine akachana karatasi mu kaye, daftari yake, akaandika mbio, akamupa Bienvenu, kijana ya pikipiki. Na juu ya mazoea ya kugonga kashe yake ku kila karatasi, akagonga.

Ile karatasi ingali mu nyumba, nimeisoma mara mingi. Inasema: "Nyama ya Twizeyimana iko na charbon. Emérita." Chini ya maneno kuko duara ya violet.

Bienvenu akarudi saa tano, matope mpaka ku nywele, na anacheka.

"Mama, banakushukuru sana! Serja anauliza, mufuko ya makala iko wapi? Ao ni mi niliisahau?"

"Makala gani?"

"Si umeandika nyama iko na charbon? Banasema leo Mama Emérita anatupenda, ametukubalia nyama ya Twizeyimana na anatutumia makala ya kuichoma. Na kashe iko! Kule banaimba."

Tantine akakaa chini mu matope, na kitenge yake yote. Alikaa kidogo tu. Kisha akasimama kama muntu mwenye anaamka.

"Weye ulijibu nini?"

"Nilisema labda makala inafika nyuma. Bangoje."

"Bangoje," akarudilia. Akapanda ku pikipiki, nyuma ya Bienvenu.

Mi sikuenda. Lakini amenielezea ile njia mara mingi, tukiwa tunachambua maharagi, na nimeiota mara mingi, na sijui tena kipande gani ni yake na gani ni ya ndoto yangu. Mu ndoto pikipiki haina sauti. Inashuka mu ukungu kama jiwe inashuka mu mayi. Pembe zinapita kuume na kushoto. Inapita migomba, kisha miti mirefu, na baridi inabaki nyuma, na harufu ya majani yenye inaoza inapanda, harufu ya Walikale, na Tantine anakuwa tena mutoto mwenye anakimbia nyumbani na anaogopa kukuta chungu iko ku moto. Anaona vinywa makumi mbili vinatafuna polepole, na hakuna hata kimoja inamusikia.

Hii ingine si ndoto. Alifika saa sita na nusu. Hakukuwa moshi. Basoda balikuwa banakaa pembeni ya mbabula mbili baridi, jiko za makala, sahani ku magoti. Fufu na sombe, majani ya muhogo, zilikuwa tayari, zimepikwa na makala ya mwisho, na zimefunikwa. Nyama ilikuwa inaninginia mu kivuli, mu mifuko ya plastiki, nzima. Nyama ilifika usiku sana, kuni zilikuwa zimeloa na mvua, na karatasi ilipofika balisema: juu ya nini kuteseka na moshi, na makala iko njiani?

"Mama!" Serja Dusabimana akaita. "Makala iko wapi?"

"Muliikula?"

"Tukule mbichi? Siye ni simba?"

Akashuka ku pikipiki. Kisha akabaambia: charbon haiko makala. Ni ugonjwa. Nyama yote izikwe.

Kaporali Ndayambaje, murefu, mwenye njaa kuliko bote, akasimama.

"Kumbe! Basoda ya kule juu banataka kuikula peke yao, njo banakutuma?"

"Mwana wangu, mi njo niliandika mubaya."

"Na kashe? Kashe yako haidanganyake."

"Leo imedanganya."

Anasema ile neno ilimuuma mu kinywa kama mwiba ya samaki.

Bakaguna. Mumoja akaanza kushusha mufuko. Tantine akavaa plastiki ku mikono, akaichukua mbele yake, akaifungua, akaiinamisha. Damu ikatoka, nyeusi, ikakimbia ku majani kama mayi. Damu ya jana, na bado inakimbia.

"Nani hapa amewindaka?" akauliza.

Symphorien, kijana ya Walikale, akakaribia. Akaangalia ile damu. Akarudi nyuma hatua mbili, tatu, akaweka sahani yake.

"Ile, mi siikule," akasema. "Hata mungenifunga."

Basoda bakamuangalia, bakaangalia majani. Ndayambaje njo alikuwa wa kwanza kushika mupawu. Bakachimba shimo kina ya muntu na nusu, Bienvenu akarudi na mufuko, na sasa mufuko ilikuwa ya chokaa. Kisha bakafunua sombe. Tantine alikaa ku mustari pamoja nao, akakula yenye balikula.

Siku ile ile akapeleka Serja Dusabimana ku centre de santé, zahanati yetu, na Papa Twizeyimana na bana yake, yote mwenye balishika ile nyama, bapewe dawa mapema. Ng'ombe zingine za kilima zikadungwa sindano. Siku ya tatu kidonda ikatoka ku mukono ya Serja, ndogo, haiumi, na katikati nyeusi kabisa, kama kipande ya makala. Akakuya kutuonyesha.

"Mama, ona, makala yako imefika."

Njo pale nilielewa ile jina ya charbon. Kidonda ikapona, ikabaki alama.

Toka siku ile Tantine iko na kashe mbili. Ya pili ni ya pembe ine. Wino yake anaitengeneza mwenyewe, anasaga makala na kuichanganya na mafuta, na imeandikwa HAPANA. Ku karatasi hagonge tena kitu.

Na asubui, akipita mu ukungu kuenda kuongea na ng'ombe zake, simuone, nasikia tu basoda ku barriere ya kambi:

"Mama Makala! Na mufuko yetu?"

Na sauti yake toka mule ndani ya weupe:

"Mungoje. Inafika nyuma."