Sindano Niliyomnyima Mrina Asali

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe lililonizidi mabega, na amri ya kwanza niliyopewa ilikuwa kunawa maji ya moto. Ilikuwa kituo kimoja cha afya wilayani Urambo, msimu wa kukausha tumbaku, na wagonjwa waliingia wakinuka moshi wa mabani, yale mabanda ya kukaushia majani. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alisimama nyuma yangu.

"Usiguse tumbo la mtu kwa mikono ya baridi," alisema. "Tumbo likishtuka linajikaza, nawe utaandika ugonjwa usiokuwepo."

Mimi nilikuwa tabibu: napima, naandika dawa, nashona vidonda, lakini upasuaji mkubwa haukuwa wangu. Mkuu yule alinifundisha kupapasa tumbo. Unaanzia mbali na panapouma, unakwenda taratibu, macho yako yakiwa usoni kwa mgonjwa. Kisha unabonyeza polepole na kuachia ghafla. Akiruka unapoachia, ujue utando unaozunguka matumbo umevimba, na huyo ni wa kupelekwa Tabora. Wagonjwa wa namna hiyo tuliwaita "tumbo kali".

Alikuwa na kanuni nyingine. "Tumbo kali halipewi dawa ya maumivu mpaka mpasuaji aliguse. Ukimtuliza mtu, ugonjwa unajificha." Sikuuliza kwa nini. Siku zile mdogo hakuuliza, na ujinga wetu tuliuita adabu.

Nikahamishiwa Ulyankulu. Muuguzi Mkuu wa huko, mama wa Kimoraviani asiyecheka ovyo, aliniambia kwamba wanaume wa kwetu wana ugonjwa mmoja tu chini ya kitovu, nao ni ngiri. Hospitalini ngiri ni utumbo kuchomoza kwenye kinena. Nyumbani kila maumivu ya huko chini ni ngiri, na dawa yake ni mizizi ya kuharisha. Huchemshwa na mke mwenyewe, si mtu mwingine, na mume huinywa kwa asali.

"Mwanamume akikuambia ngiri, mwambie akuonyeshe kwa kidole kimoja," alisema yule mama. "Kidole hakijui aibu."

Kituo changu cha tatu kilikuwa upande wa Sikonge, njia ya Ipole, na huko mkuu nilikuwa mimi. Asubuhi moja aliletwa Mzee Mihayo, mrina asali mwenye umri wa kutosha kuwa baba yangu. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa amemshikilia kwa nyuma kwenye pikipiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Ni ngiri yangu hii, imeamka."

Nikamwomba kidole kimoja. Akaonyesha upande wa kushoto, chini ya kitovu. Kinena hakikuwa na uvimbe, mwili ulikuwa wa moto, na nilipobonyeza na kuachia aliruka. Nilijua si ngiri. Ni nini hasa, sikujua. Nikamtundikia dripu, nikapiga simu kuomba gari. Gari lilikuwa limempeleka mama mjamzito, likategemewa alasiri.

"Nichome sindano, daktari," alisema Mzee Mihayo.

"Vumilia, mzee. Mpaka Tabora."

Aliomba tena. Mara ya tatu hakupaza sauti. Alinishika mkono tu, akasema, "Mwanangu, nisaidie." Ampuli za dawa kali ya maumivu zilikuwamo kabatini, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikautoa mkono wake taratibu, nikaenda kuwaona wagonjwa wa nje.

Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu na dripu inadondokea sakafuni. Muuguzi wa zamu alisema mzee ameaga vizuri kabisa: kama hapa hakuna cha kumtuliza, anakwenda kwa mwenye nacho. Gari lilipokuja tulimfuata nyumbani. Mama Kulwa alikuwa ameshachemsha mizizi, na mzee alikuwa ameshainywa. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao.

Nilikwenda naye Tabora. Daktari Mpasuaji alimfungua jioni ileile, kisha akaniita.

"Utumbo mpana wa wazee huota vifuko vidogo vidogo," alinieleza. "Kimoja kilikuwa kimevimba, sasa kimetoboka. Dawa ya kuharisha haikumsaidia hata kidogo. Ulimpa nini cha maumivu?"

"Sikumpa kitu, daktari. Tulifundishwa ugonjwa utajificha."

Alivua kofia yake ya upasuaji. "Mimi ningeukuta tu, hata ungemtuliza. Mtu anayeteseka hawezi kukaa kukungoja."

Mzee Mihayo alifariki siku ya tatu. Msibani nilikuta mawifi wa Mama Kulwa wakisema, bila kujificha, kwamba marehemu aliuawa na chungu cha mkewe. Mama Kulwa alikuwa mkekani, ameinamisha kichwa. Nilitoa pole, nikala ugali wa watu, nikaondoka. Nilikuwa na neno moja la kumsaidia na sikulisema, kwa sababu niliogopa kazi yangu.

Tangu hapo sikumnyima mtu. Ninyi mnaoanza kazi leo mmekuta njia imesafishwa. Mgonjwa wa vifuko mnampumzisha utumbo kwa vinywaji vyepesi, mnamtuliza mapema, mnamwandikia dawa za kuua vijidudu anapozihitaji. Diklofenaki, ingawa nayo hutuliza maumivu, mnaiepuka, maana huweza kuchangia utumbo kutoboka. Mizizi mnamkataza kwa heshima, mkimweleza na mkewe. Kwangu utaratibu huo ulikuja kwa gharama ya mtu.

Nilistaafu kwa hotuba na blanketi la zawadi. Wiki hiyohiyo nikapanda basi la Ipole. Mama Kulwa alikuwa amezeeka, anaishi peke yake, anauza asali barazani. Nikamwambia yote: mzee aliomba dawa, nilikuwa nayo, sikumpa. Angetulia asingerudi nyumbani, na chungu kisingeinjikwa.

Hakulia. Alifunga kopo la asali alilokuwa ameshika, akalifuta.

"Miaka yote hii ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Kulwa hajala kwangu tangu baba yake azikwe. Hata salamu yake huletwa na watu." Akanitazama usoni. "Mimi umeniambia, nimekusikia. Nenda ukamwambie na yeye."

Kulwa, mwanawe, analima tumbaku Urambo. Nilimkuta kwake kesho yake, mtu mzima mwenye mvi. Nilitarajia anipige, na nisingemlaumu. Alisikiliza amesimama, akauliza jambo moja tu.

"Mama alijua kama mlikuwa na dawa?"

"Hakujua. Alijua mumewe anaumwa na hospitali imeshindwa."

Akakaa chini pale pale kwenye udongo. Kisha akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya mama yake, akaikosa. Hakuwa nayo. Nikamtajia mimi ile aliyonipa Mama Kulwa, tarakimu moja moja, naye akabonyeza.

"Shikamoo, mama," alisema.