Mita Mpya na Redio ya Bi Somoe

Ninaikumbuka siku waliyokuja kubadilisha mita Mkomani, mtaa wa Amu, yaani Lamu, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyopiga kelele mbele ya wanaume nisiowajua, na ndiyo siku niliyokaripiwa kwa jambo jingine kabisa. Umeniambia kesho mafundi wanakuja kukubadilishia mita, na ukaniuliza kama nataka maji ya baridi kabla stima haijakatwa. Maji sitaki. Keti unisikize, na usinitazame hivyo, kana kwamba stima imeanza na nyinyi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Stima ya mji mzima ilikuwa bado, lakini tajiri mmoja wa mtaani alikuwa na injini yake, na nyumba chache za majirani akazivutia nyaya. Kila nyumba ilikuwa na mita yake ukutani, pale dakani, kwenye baraza ya mlangoni wanapoketishwa wageni wanaume. Fundi havuki daka kuingia ndani, na sisi wanawake hatutoki. Kwa hiyo anayekata stima hajui ndani kunawaka nini, na waliomo ndani hawajui stima inakatwa wala inarudi lini. Heshima ilikuwa kubwa, lakini vyombo vyetu viliumia.

Mimi nilikuwa bi arusi, nimetoka kwetu Mombasa hata hina haijafifia mikononi. Marehemu baba yangu, akisikia tu mafundi wa stima wamefika mtaani, alizunguka nyumba nzima akichomoa nyaya, mpaka wa pasi iliyokuwa baridi. Tulikuwa tukimcheka. Alituambia stima ikiondoka huondoka kimya, ila kurudi hujui itarudi vipi.

Basi mita zile za kwanza zilikuwa kuukuu, nyingine zimegoma kuzunguka, na tajiri akaleta mpya na fundi wa kuzifunga. Baba mkwe wangu, Bwana Athmani, alimkaribisha fundi dakani, akampa kahawa na halua, wakaanza habari za Mokowe na mvua ya bara. Nami nilikuwa nyuma ya mlango. Nikamsikia fundi akisema anakata sasa, na akishamaliza nyumba zote ataiwasha injini kwa pamoja. Bwana Athmani akaitikia vizuri, akammiminia kahawa nyingine. Kutuambia sisi wa ndani hakukumbuka.

Redio ya mavyaa wangu, Bi Khadija, mama wa mume wangu, ilikuwa chumbani inasoma Kurani. Redio ya wakati ule si hii ya kutia mfukoni. Ilikuwa sanduku la mbao, ndani mna taa kama vichupa, na kuipata nyingine haikuwa rahisi. Nikasahau kuwa mimi ni bi arusi.

"Subiri kwanza, fundi!" nikapiga kelele. "Ndani kuna redio haijachomolewa!"

Nikamsikia Bwana Athmani akikohoa kile kikohozi cha mtu aliyefedheheka. Fundi, Mungu amrehemu, akasema tu, "Basi itoe, Bi, nakungoja." Nikaitoa, nikazima taa zote isipokuwa moja, nikaketi nikingoja kutukanwa.

Stima ilirudi baada ya alasiri. Ile taa moja iliwaka nyeupe ikanitia kiwi, kwa kuwa injini ilikuwa imeshika kasi kabla nyumba hazijaanza kuivuta. Sikuigusa redio. Taa ikatulia, nami nikajiona nina akili kuliko watu wote wa Amu. Nikiwa katika furaha hiyo nikasikia harufu ya kuungua, inatoka wikioni.

Wikio ni chumba kinachopita juu ya njia, kutoka nyumba yetu mpaka nyumba ya pili, na ndimo wanawake tulimopita kutembeleana bila kushuka mtaani. Upande wa pili aliishi Bi Somoe, mjane, miguu yake imeshakataa kumbeba. Mwanawe wa pekee alikuwa baharia wa meli, na ndiye aliyemletea redio yake. Kutwa nzima hiyo redio ndiyo aliyokaa nayo. Nilimkuta ameinama kitandani anaipapasa kwa juu, nayo inatoka moshi.

"Imenyamaa," akaniambia. "Hebu itazame, mwanangu, imenyamaa."

Niling'oa waya, lakini hapakuwa na la kutazama. Vile vichupa vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Niliona uchungu ambao siwezi kukueleza, maana yeye hakulalamika hata kidogo. Aliniuliza tu kama nimekula.

Niliporudi, Bi Khadija alikuwa amesimama mlangoni pa wikio. Nikajua sasa ananisema kwa zile kelele.

"Sauti yako imefika hata ndiani, huko nje, wanaume wameisikia," akasema. "Kwa hilo sikulaumu, umeniokolea redio yangu. Lakini kwa Bi Somoe ni hapa. Mbona kwake haikufika?"

Aliibeba redio yake mwenyewe, Bwana Athmani akavuta waya mrefu, na ikawekwa mle wikioni, milango ya pande zote mbili wazi. Haikuondoka pale mpaka Bi Somoe alipofariki.

Sasa sikia, mwanangu. Kesho usizime tu kwa swichi, chomoa: friji, televisheni, pampu ya maji, hata hiyo chaja unayoisahau ukutani. Zima taa zote, uache moja ya kukupa habari. Friji usiifungue ovyo, chakula kitakaa. Stima ikirudi, itazame taa. Ikiwaka kwa nguvu mno au ikipepesa, usichomeke kitu, umwite fundi kabla hajaondoka, na wala usiiguse mita kwa mkono wako. Ikitulia, rudisha vyombo kimoja kimoja, bila haraka, na friji iwe ya mwisho.

Lakini hayo yote ni ya kesho. Leo kuna moja. Mama Fatma wa mlango wa pili anaishi peke yake, ujumbe wa mafundi kwenye simu haoni kuusoma, na dawa yake ya sukari imo frijini. Je, umemwambia? Nilijua. Inuka basi, mwanangu, ukampigie hodi kabla ya magharibi. Mungu akuhifadhie nyumba yako na vilivyomo, akujaalie majirani wa kukuita nawe utakapokuwa huna habari. Nenda, mimi nitaanza na chaja yako.