Mbegu ya Mama na Mtu wa Bastola Mbili

Kabla hujaanza kunihurumia, acha nikiri: mbegu ya mpunga ya mama yangu niliitoa mimi, kwa mikono yangu, mchana kweupe, nikapewa karatasi yenye picha ya mwanamume mwenye bastola mbili. Jina lake sikulijua. Sinema yake sikuiona. Na bado nilirudi nyumbani nikijiona mwerevu kuliko watu wote wa Ifakara.

Kinachonikumbusha ni harufu. Unga wa muhogo ukikorogwa kwa maji ya moto ukaachwa siku mbili, hutoa uchachu unaopanda puani na kukaa huko. Juzi mjukuu wangu alikoroga gundi ya namna hiyo abandike jalada la daftari lake, nami nikajikuta nimekaa chini. Ndiyo gundi iliyokuwa ikibandikia matangazo ya sinema miaka ile ya hamsini.

Kiangazi, barabara ikipitika, mwenye duka mmoja, mtu wa pwani, alikuwa akionyesha sinema ghalani mwake, magunia ya mpunga yakiwa ndiyo viti. Lori lililoleta sinema lilileta na matangazo yake, mawili tu kwa kila sinema: moja mlangoni mwa ghala, moja sokoni. Yalikuwa mapana kama mkeka wa mtoto, na wekundu wake ulikuwa ule tuliouzoea kwenye mabawa ya ndege tu. Sinema ikishaonyeshwa, anayewahi kubandua ndiye mwenye mali. Vijana waliorudi kutoka mashamba ya mkonge waliyagombania wapambe vyumba vyao; kijana ambaye ukuta wake ni mtupu alihesabiwa mshamba. Kwa macho yangu nilimwona Kasiani, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akitoa jogoo mzima kwa picha moja ya kauboi. Jogoo mwenyewe aliondoka anawika.

Mimi sikuwa na haja ya kupamba chochote. Nilikuwa mtoto wa ndani. Wenzangu wakienda mtoni, mimi niko jikoni nawaza. Mama alikuwa akinitania, "Huyu Tekla nilimzaa na mizizi yake." Kwa hiyo baba alipokuwa huko mkonge Kilosa, na mama akawa analala shambani ng'ambo ya mto Lumemo akisafisha mahali pa kupanda, nyumba aliniachia mimi. Kula nilikula kwa jirani, kwa mama yake Sabina. Sabina tulikuwa rika, naye mdomo wake tangu utotoni haukuwa na mlango.

Darini, juu ya mafiga, moshi unapopita, palikaa kilindo cha gome la mti kilichofungwa kwa kamba. Humo ndimo ilimokuwa mbegu. Mama alipewa na mama yake: mpunga mwekundu, mrefu, unaokimbizana na maji. Mafuriko yakipanda, nao unapanda. Shamba letu lilikuwa bondeni kabisa, na mpunga mwingine wowote pale ungezama. Hayo niliyasikia kila mwaka tangu nizaliwe, na kila mwaka yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Issa ndiye aliyekuwa na picha. Alikuwa mvulana wa pale dukani, anaishi na shangazi yake aliyeuza vitumbua, na siku hizo za mwisho wa kiangazi mpunga ulikuwa umeadimika, shangazi anahangaika. Issa akaniambia, "Nipe mpunga, nikupe mtu wa bastola mbili." Nikafikiri, tena nilifikiri vizuri sana, hilo ndilo linaloniuma. Picha za mtu huyo zilikuja mbili, na ya sokoni ilikuwa imeliwa na mbuzi. Imebaki moja Ifakara nzima! Kasiani alitoa jogoo kwa picha ya kawaida. Kwa hii atatoa nini? Mpunga ni mpunga, niliona. Nitaiuza picha, nirudishe mbegu, na kitakachozidi nimshangaze mama.

Nikatoa mbegu yote. Kilindo nikakijaza mchanga chini kiwe kizito, juu nikaweka mapepe, zile punje tupu zisizo na kitu ndani. Nikafunga kamba vizuri kuliko mama mwenyewe.

Na ningepona, ndugu yangu. Wiki hiyohiyo Kasiani alikuja mlangoni na debe zima la mpunga. Nikamtazama kama mfanyabiashara mkubwa, nikasema madebe mawili.

"Wewe mtoto," alisema, "utakuja kuoza na karatasi lako."

Nikacheka. Nikaikunja picha, nikairudisha chini ya mkeka ipande bei.

Jumamosi iliyofuata mwenye duka akaonyesha sinema ya Kihindi. Sikwenda, lakini asubuhi yake mji ulikuwa umegeuka. Wanawake mtoni wanafua huku wanaimba maneno wasiyoyajua; vijana wanatembea polepole, kichwa upande, kama watu waliofiwa na mchumba. Ilikuwa habari ya mwanamke mmoja anayelia mvuani huku akiimba, na kila mtu alimtaka yeye ukutani. Nikachomoa picha yangu, mbio kwenda kwa Kasiani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Debe limeshaliwa."

"Basi nusu debe."

Akaikunjua, akaitazama, akanirudishia. "Huyu ameshazeeka, mdogo wangu. Halafu hata kuimba hajui."

Bado nilijipa moyo. Nikasema moyoni, watu watamchoka huyo mama wa machozi, watamrudia wangu, maana wangu yuko mmoja tu. Siku ya nne Sabina akaja anatafuna karanga. Karanga zilikuwa kwenye karatasi iliyozungushwa kama pembe, na juu ya pembe hiyo kulikuwa na jicho moja na bastola moja ninavyovifahamu.

"Tekla, si huyu mtu wako?"

Nilikimbia mpaka dukani. Wingu la kwanza la mvua lilikuwa limeonekana milimani, na wenye sinema huko mjini, wakijua barabara itafungika, walimtupia mwenye duka furushi zima la matangazo ya zamani waliyochoka kuyatunza. Mtu wa bastola mbili alikuwa humo kwa makumi. Alifunga karanga, alifunga chumvi, alifunga dagaa. Mtoto mmoja alikuwa amemvaa kichwani kama kofia.

Nikamfuata Issa. Nilitaka mbegu yangu tu, hata nusu yake, hata viganja viwili.

"Mpunga?" alisema. "Si ulitwangwa siku ileile. Hata wewe umekula, Tekla. Jumapili, baada ya misa. Vitumbua viwili."

Ni kweli. Nilikula viwili, na nilisifia.

Siku zile zilizobaki nilimwomba Mungu jambo ambalo nadhani hakuna mtoto mwingine wa bonde la Kilombero aliyewahi kuliomba: mvua isinyeshe. Kila jioni nilitazama milima. Nilipiga magoti juu ya ule mkeka wenye picha chini yake. Mvua ikanyesha.

Mama aliingia asubuhi, matope mpaka magotini, uso unang'aa kwa furaha ya harufu ya ardhi. Hakukaa hata kunywa uji. Akakishusha kilindo, akafungua, akatia mkono, akainua kiganja na kupuliza kama anavyopuliza kila mwaka kuondoa vumbi. Kiganja kikabaki kitupu. Akatia tena, akapuliza tena. Mara ya tatu vidole vikafika kwenye mchanga.

Nikachomoa picha, nikaikunjua mbele yake. Mpaka leo sijui nilitegemea nini. Nikamweleza kila kitu haraka haraka: mbili, mbuzi, jogoo, debe. Nikamwambia itapanda bei.

Mama akaichukua, akaigeuza mbele na nyuma.

"Huyu ndiye atakayelima?" aliuliza. Hakuwa anatania. Alikuwa amechoka, na alitaka jibu.

Ningepigwa ningepona. Hakunipiga. Alijifunga kanga upya, akanishika mkono, tukatoka kupita nyumba kwa nyumba. Kwenye kila mlango alisema neno moja: "Panya wamenimalizia mbegu." Nami nimesimama pembeni, nimebanwa mkono. Wanawake walimhurumia mbele yake, na kabla hatujafika njiani tulisikia: "Mwanamke gani analiwa mbegu na panya? Hata paka hana?" Mpunga mwekundu hakuna aliyekuwa nao. Alipeleka salamu mpaka kwa ndugu zake huko Masagati. Jibu likaja kwamba nao wameshauacha, siku hizi wanapanda mweupe unaonukia, ndio wanaoupenda wenye maduka.

Mama yake Sabina alitugawia mbegu ya mpunga wake mfupi. Tukapanda, ukaota vizuri, ukatupa matumaini ya kijinga. Maji yalipopanda tulisimama kwenye tuta tukatazama: siku ya kwanza majani yalionekana, siku ya pili ncha, siku ya tatu maji tu, yametulia, mazuri kabisa. Mwaka huo mama alilima mashamba ya watu kwa ujira wa mpunga, akirudi jioni hawezi kuukunja mkono. Ile picha aliizibia tundu la ukuta wa jikoni. Masika iliyofuata ikalowa, ikadondoka vipande vipande.

Baadaye nilibahatika kufika sekondari, mwalimu akasimama na chaki kutufundisha kwamba kitu kikiwa kingi thamani hushuka, na watu wakibadili mapenzi hushuka zaidi. Nilitaka kumwambia akae, nimfundishe mimi. Lakini hayo niliyajua mapema. Nililochelewa kulijua ni lile la panya. Nilidhani mama alificha kosa lake la kuniachia nyumba. Nilikuwa na watoto wangu tayari nilipotambua kwamba aliinunua aibu ile kwa ajili yangu, nyumba kwa nyumba, nisije nikaitwa mtoto aliyeuza mbegu mpaka uzee. Na jambo hilo hakulitaja tena mpaka tulipomzika; ndipo nami nikamweleza Sabina peke yake.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa ukoo kutoka Dar es Salaam. Akatusimulia, mimi na Sabina, ambaye mpaka leo tunapakana naye ua, kwamba huko nje matajiri wanayatafuta matangazo ya sinema ya zamani kama dhahabu. Yameadimika, kwa kuwa kila mahali yalifungiwa karanga na kuliwa na mchwa, na siku hizi makauboi ndio wanaopendwa tena. Nikahisi kitu cha zamani kinaamka kifuani. Nikamsogelea, nikamuuliza kwa upole: hivi mtu wa bastola mbili, kwa mfano, angekuwa mzima, wangetoa kiasi gani?

Sabina alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Mama yako alilima mashamba ya watu msimu mzima kwa sababu ya karatasi hilo, na wewe mpaka leo bado unauliza bei."