Perege wa Kisima cha Buguruni

Kwanza Buguruni ya leo, ya soko na makelele, itoe kichwani. Miaka ile ya thelathini, Mwingereza akiwa bwana wa Tanganyika, Buguruni ilikuwa shamba. Minazi, mihogo, nyumba za udongo zilizotawanyika, basi. Watu wa Kariakoo waliwaita wa huko washamba, tena mbele yao. Halafu haohao wa mjini asubuhi wanakula muhogo wa Buguruni, na wakilala wanalala chini ya makuti ya Buguruni.

Mengi ya makuti hayo aliyashona Mauza binti Humoud. Baba yake Mwarabu wa kiduka Kariakoo, mama yake Mzaramo wa Buguruni. Mumewe alipofariki, Mauza alirudi kwenye kiwanja cha mama. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama mizizi, na mdomo ulivishinda vidole.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kisima cha mawe, kipana, si kirefu. Hapo ndipo Mauza alipata maji ya kuloweka makuti, maana kuti kavu ukilikunja linakatika. Na hapo ndipo kila mwanamke aliyebeba mzigo kwenda soko la Kariakoo alipotua, akachota kwa kata ya kifuu, akanywa, akamwaga habari. Nani kaoa, nani kaachwa, nani kaiba jogoo, yote utayapata pale kabla jua halijawa kali. Mama yake alimwachia kisima na maneno mawili: "Maji usimnyime mtu. Samaki usimle."

Samaki wenyewe walikuwa perege kutoka mto Msimbazi. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi wa mbu. Mtoto wa Buguruni alijua hawavuliwi kabla hajajua kufunga msuli.

Melkiori hakuwa mtoto wa Buguruni. Alikuwa Mnyamwezi, amekuja toka Tabora, anavuta mkokoteni wa mizigo pale Kariakoo. Na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani. Anakutukana, anakamata kuku wako, anavaa kofia yako anaenda nayo, na wewe unacheka. Ukinuna, kosa ni lako.

Asubuhi moja Mauza alifungua mlango akakuta jani la mgomba kizingitini, na juu yake mifupa ya samaki imepangwa vizuri kama sahani ya mgeni. Akajua ni Melkiori. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akadhani kanunua samaki mahali, kaja kumringia. Kisimani hakuinama kuwaangalia perege. Alitupa mifupa, akakaa kushona.

Wiki mbili baadaye akaja Wilbert, kijana wa idara ya afya ya serikali, kaptula ya kaki, chupa mkononi na kata yenye mpini mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunywa au kunusa?"

Wilbert alichota, akainua chupa juani. Viluwiluwi walikuwa wanacheza ngoma.

"Mama, hiki ni kiwanda cha mbu. Jumamosi nakuja na watu na mchanga. Tunakifukia."

"Unafukia kisima wanachokunywa watu mia?"

"Wakinywa mbu je? Amri si yangu, mama. Jumamosi nikikuta maji safi, naondoka. Nikikuta hawa, nafukia."

Alipoondoka, Mauza akainama juu ya maji. Akaangalia kila pembe. Perege hakuna hata mmoja. Ndipo ile mifupa ikamrudia. Kumbe mifupa aliyoichekea ilikuwa ya perege wake mwenyewe, walewale alioambiwa wasiliwe.

Jirani yake Hamdiya alisema twende kwa jumbe tukashtaki. Mauza akamwangalia kama mtu aliyeharibikiwa akili.

"Umshtaki mtani? Watu watatucheka mpaka kiama."

Kesho yake, Jumanne, akajifunga kanga mbili, akabeba debe tupu kichwani, akaenda Kariakoo kwa miguu. Soko limechangamka. Melkiori alikuwa nje ya duka la Harilal, mkokoteni umejaa magunia ya mchele, jasho linamtoka. Mauza hakusalimu. Alipanda juu ya magunia, akakaa, akapakata debe.

"Wee Mzaramo, shuka! Mchele wa watu huo."

"Sishuki. Umekula samaki wangu wa kisimani, leo nimekuteka. Vuta twende Msimbazi."

Wapagazi wakapiga kelele. "Umepatikana! Vuta, Mnyamwezi!"

Melkiori akaweka mikono kiunoni. "Wewe nusu Mwarabu. Utani wangu na hiyo nusu haupo. Ile nusu ya mama yako ndiyo nimekula samaki wake."

"Basi ni hiyo nusu iliyokukalia. Nyingine imeshika debe tu."

Soko zima likacheka, naye akacheka. Mauza akashusha sauti. "Melkiori, wale perege ndio waliokuwa wanakula mbu. Jumamosi kisima kinafukiwa."

Kicheko kikakatika usoni kwake. "Mimi sikujua, dada. Wallahi sikujua." Mkatoliki yule, akaapa Kiislamu kwa kuchanganyikiwa.

Harilal akatoka dukani. "Bi Mauza, mchele wangu unakwenda wapi?"

Akaelezwa. Harilal, Mhindu ambaye nyama wala samaki havijawahi kuingia jikoni kwake, akamgeukia Melkiori kama aliyesikia msiba.

"Umekula mlinzi wa maji? Shusha magunia. Nenda, nenda, rudisha."

Basi Kariakoo ikaona kioja: Mnyamwezi anavuta mkokoteni, Mzaramo kakaa juu, anaimba vijembe njia nzima. Msimbazi wakaingia maji ya mapajani, kila mmoja kashika ncha za kanga, wakaitandaza kama wavu. Mara ya kwanza tope. Mara ya pili tope na chura. Melkiori akateleza, akapotea mzima, akaibuka na majani kichwani.

"Kumbe Tabora hamuogi," Mauza akamwambia.

Jua lilikuwa limeinama walipopata perege tisa. Walirudi taratibu, maji ya debe yasimwagike, na safari hii Mauza alitembea. Wakawamimina kisimani.

Siku tatu alikaa pembeni mwa kisima na makuti yake, akishona bila kuangalia vidole. Viluwiluwi walipungua, lakini Ijumaa jioni bado aliwaona wawili. Hakula.

Jumamosi Wilbert akaja na vibarua na rukwama la mchanga. Wakaumwaga chungu nzima uani kabla hata ya kusalimu. Wanawake wa sokoni wakatua mizigo, wakazunguka kisima. Melkiori naye alikuwepo, hana utani hata mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Wilbert akachota. Akainua chupa. Akachota pembe ya pili, na ya tatu.

"Wameenda wapi?"

"Waulize hao," Mauza akasema. Chini ya kata, mgongo wa kijivu ukageuka na kuzama.

Wilbert akatazama chupa tena. Kisha akaimwaga, akachukua kata ya kifuu, akanywa.

"Mchanga siwezi kuubeba tena, mama."

"Nani kakuambia uubebe?" Mauza akamtupia Melkiori jembe. "Mwaga kuzunguka kisima, watu wasiteleze. Sawazisha vizuri, mla walinzi."

"Na hii inayoamrisha ni nusu ipi?"

"Ya baba. Ya mama inakucheka."